Redio na Mgeni Asiyedanganyika

Kama kuna kazi inayomfaa mtu asiyeweza kunyamaza, ni kazi ya kutembeza wageni, na ndiyo maana Redio aliipata bila shida. Jina hilo alipewa shuleni kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia, likamganda mpaka akawa mtu mzima mwenye gari dogo jeupe, kofia ya majani na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Meli za watalii zikitia nanga, yeye husimama kwenye geti la bandari na kuchukua wawili watatu wasiotaka kubanana na kundi. Ziara yake ni fupi: mnara wa saa, mti mkubwa, forodha ya zamani, soko, kisha nyumbani kwa mama yake mzazi.

Ndiyo, kwa mama yake. Wageni wakishachoka na majengo hutaka kuona watu wanaishije, basi Redio anawapeleka kwa Mama. Mama anawamiminia maji ya matunda yenye barafu, anawaonyesha cherehani yake na vyumba vyake viwili, anasema maneno yake yaleyale, Redio anatafsiri, wageni wanafuta machozi kidogo na kuondoka wameridhika. Katika vituo vyote, hicho ndicho wanachokisifia zaidi. Jambo hilo humuuma Redio kidogo, maana aliyehangaika kuikariri historia ya mji ni yeye.

Sasa siku tunayoisema, mgeni alikuwa dada yake.

Dada wa tumbo moja! Alituma ujumbe kwamba yeye na mumewe wamo melini, watashuka asubuhi na kuondoka alasiri. "Tutembeze kama unavyotembeza wageni wako," aliandika. "Kwa Mama tutaona." Redio akaenda kumwambia Mama. Mama hata hakuinua uso kwenye cherehani. "Mlete kama unavyoleta wageni wengine," alisema. "Sitaki vilio nyumbani kwangu." Kesho yake sebule ikapakwa rangi mpya.

Wale wawili, mama na binti, walifinyangwa kwa udongo mmoja na kuchomwa tanuri moja. Dada alipopata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo, Mama alikataa. Dada akasema atakwenda. Mama akasema ukivuka mlango huu usiniage. Asubuhi ya safari Mama akajifungia chumbani kwake. Dada aligonga, akangoja, akagonga tena, mlango kimya. Mwishowe akatoka, na sanduku lake lilibebwa kichwani na Redio, wakati huo mtoto wa darasa la tano, mpaka stendi ya mabasi, shingo imezama mabegani. Tangu hapo ikawa "Mwambie mama yako namsalimia," na "Mwambie dada yako nimepokea." Miaka ishirini mtu anageuzwa posta! Wapiganapo tembo nyasi huumia, sawa, lakini nyasi angalau hazitumwi salamu.

Kwa hiyo siku hiyo Redio alikuwa na neno moja tu moyoni: leo wataonana, liwe liwalo. Mama alikuwa na moyo uliopanuka, na daktari alikwishasema kwa upole yale madaktari husema kwa upole. Meli ikiondoka bila wao kuonana, hakuna wa kuahidi kwamba kutakuwa na mara nyingine.

Wakashuka. Dada alivaa miwani mikubwa ya jua na kukumbatia mkoba kama anayeogopa kuporwa. Shemeji alikuwa mtu mrefu, mpole, pua imeungua jua, na kamera tumboni. Wakaingia garini, Redio akawasha injini na mdomo kwa pamoja.

"Mnara huu," alisema kwa lugha ya shemeji, "saa yake ilisimama dakika ileile gavana wa mwisho alipokata roho. Mafundi wamejaribu, imekataa katakata."

Shemeji akainua kamera. Dada akamshika mkono.

"Si kweli," akasema. "Ilisimama nikiwa darasa la sita. Njiwa walijenga kiota kwenye meno ya mashine, na halmashauri ikaona uvivu kupanda ngazi."

Shemeji akacheka mpaka kamera ikaruka tumboni. Redio naye akacheka, kicheko cha kulazimisha. Mzaha wa dada na mdogo wake, alijiambia, utapita.

Haukupita. Walipofika kwenye mti mkubwa, Redio akasema ulipandwa na baharia aliyeapa kwamba hatarudi kwao mpaka auone ukitoa kivuli. Hadithi hiyo imewahi kumfanya mama mmoja mgeni akumbatie gogo lile. Shemeji hakuinua hata kamera. Alimgeukia mkewe.

"Ni kweli?"

"Si kweli. Ulipandwa na mwalimu wetu wa sayansi. Mimi nilikuwa zamu ya kumwagilia."

Loo! Redio akahisi jasho la pili likichipuka juu ya jasho la kwanza, maana jua nalo lilikuwa limekaa utosini bila huruma. Akamvuta Dada pembeni.

"Dada, hii ni kazi yangu. Usinimwagie mtama kwenye kuku wengi."

"Kuku mwenyewe ni mmoja, na ni mume wangu. Sipendi adanganywe."

"Sidanganyi. Natia chumvi."

"Mdogo wangu, hiyo si chumvi tena. Hiyo ni bahari nzima."

Forodha ya zamani, si kweli. Handaki chini ya forodha, si kweli, ni mtaro wa maji machafu, na Dada aliwahi kudondosha kiatu humo. Ilifika mahali Redio akisema "Hili ni duka," shemeji anamtazama mkewe kwanza. Jamani, mtu umekaa mjini miaka yote, umepokea wageni wa kila rangi, leo anakuja mtu aliyeukimbia mji wenyewe anakuwa mhakiki wako! Na kinachoudhi kuliko vyote, alikuwa anasema kweli kila mara.

Lakini Redio akameza. Alikuwa akitazama saa. Meli ilitaka watu wake mapema alasiri, na kila kituo Dada alizidi kujivuta. Kwenye mti alitaka kukaa kidogo. Kwenye forodha alitaka kuzunguka mara ya pili. Sokoni ndipo Redio alipofikia kikomo. Dada alisimama mbele ya muuza vikapu akashika kimoja, akakirudisha, akashika kingine, akauliza bei, akauliza kimesukwa na nani, akauliza kinaoshwaje. Mwanamke huyo hajawahi kupenda vikapu maishani mwake. Shemeji alikuwa keshabebeshwa vitatu na anatabasamu tu.

"Na kile cha juu?" akauliza Dada.

"Dada," Redio akasema. "Ingia garini."

"Ngoja kwanza, hiki kina kifuniko..."

"Ingia garini!"

Muuza vikapu akarudi nyuma. Redio hakujali. Uvumilivu wa tangu asubuhi, na wa miaka ishirini kabla ya asubuhi hiyo, ukamtoka wote kwa mkupuo.

"Umenisahihisha mnara, sawa. Umenisahihisha mti, sawa. Umenifanya kichekesho mbele ya shemeji yangu, na bado nakuendesha kwenye kiyoyozi. Lakini Mama amekaa kitini tangu alfajiri na gauni alilojishonea kwa ajili yako. Amelifumua mara mbili, eti mikono haikukaa sawa. Unaogopa, useme unaogopa. Usinisingizie vikapu. Nigeuze gari twende bandarini, au twende nyumbani?"

"Kuna tatizo?" akauliza shemeji, vikapu kifuani.

"Hakuna," wakajibu wote wawili kwa sauti moja.

Dada akavua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaivaa tena. "Siku ile niligonga mara nyingi," alisema kwa sauti ndogo. "Asipofungua tena leo je?"

"Kila mgeni ninayempeleka anafunguliwa."

Njiani hakuna aliyesema. Hata Redio alinyamaza, na kwa kuwa kichwa chake hakikuzoea kukaa kimya, kikaanza kupitia maneno ambayo Mama huwaambia wageni, neno kwa neno, kama anavyoyatafsiri siku zote. Karibuni nyumbani kwangu. Cherehani. Watoto wawili. Chumba cha binti. Hapo mguu wake ukaruka kwenye breki, gari likachupa, na vikapu vikamwangukia shemeji kichwani.

Mungu wangu! Chumba cha binti!

Maana mbele ya chumba kile Mama huwaambia wageni jambo moja ambalo si kweli. Alianza kulisema zamani, mgeni mmoja alipouliza maswali mengi, na Redio akalitafsiri bila kupepesa, kwani mgeni atajuaje? Likaingia kwenye ziara likakaa, likazoeleka kama mnara na mti. Redio alikuwa amepanga kila kitu cha siku ile, petroli, barafu, hata njia ya mkato, akasahau kumwambia Mama aliruke lile. Akasahau kwamba leo mwenye habari atakuwa amesimama palepale anasikiliza. Na mwenye habari huyu haachi kitu kipite!

Alikuwa amechelewa. Mlango ulikuwa wazi kabla gari halijasimama.

Mama alisimama mlangoni na gauni la buluu, mikono imekaa sawa kabisa. Alikuwa mdogo wa mwili kuliko Dada alivyomkumbuka. Hilo lilionekana usoni mwa Dada waziwazi.

"Shikamoo," Dada akasema.

"Marahaba. Karibuni, wageni."

Neno hilo wageni lilimchoma Redio, sembuse Dada. Wakaingia. Mama akamimina maji ya matunda, bilauri zikagongana. Shemeji akapokea kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, Mama akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaanza, sauti ileile, mpangilio uleule.

"Karibuni nyumbani kwangu. Mimi ni mshonaji. Cherehani hii imenisomeshea watoto wawili. Mmoja ni huyu, msema sana, mnamwona."

Redio akatafsiri. Hapo wageni hucheka, na shemeji akacheka. Redio akaanza kukohoa. Akakohoa kwa kumkazia Mama macho, akakohoa kwa kutikisa kichwa, akakohoa kwa kuonyesha dirisha.

"Una kifua?" Mama akamuuliza. "Kunywa maji."

Akawatangulia ukumbini, mpaka kwenye kile chumba. Kitanda kimetandikwa, shuka halina hata kunjo. Juu ya kabati kulikuwa na kofia ya shule. Mama akashika nguzo ya kitanda, akasita. Redio akadhani ataliruka lile jambo. Angeweza kuruka, nafasi ilikuwapo. Hakuruka.

"Chumba hiki ni cha binti yangu," alisema, huku akitazama shuka. "Yuko mbali. Siku aliyoondoka nilimsindikiza mimi mwenyewe mpaka stendi. Nikampungia mkono mpaka basi likapotea."

Sasa ilikuwa zamu ya Redio, na kwa mara ya kwanza tangu apewe jina lile, Redio alikosa neno. Aliwaza kutaja hali ya hewa. Aliwaza kuzimia.

"Anasema nini?" akauliza shemeji.

Dada ndiye aliyejibu. Alivua miwani. Akatafsiri polepole, hakupunguza wala hakuongeza: siku niliyoondoka alinisindikiza mwenyewe mpaka stendi, akanipungia mkono mpaka basi likapotea.

Shemeji hakuwa mjinga. Habari za mlango uliofungwa alikwishazisikia, na si mara moja. Akamtazama mkewe kama alivyomtazama kwenye mnara, kwenye mti na kwenye forodha. Redio akafumba macho.

"Ni kweli," akasema Dada.

Redio akafumbua macho.

"Na sanduku," Dada akaendelea, "alibeba yeye."

Mama hakuijua lugha ile, lakini aliujua uso wa binti yake. Akaacha nguzo ya kitanda. "Umemwambiaje?"

"Nimemwambia ulinisindikiza. Na sanduku ulibeba wewe, Mama."

Mama akakaa kitandani, juu ya lile shuka ambalo kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeruhusiwa kulikalia. Akapapasa nafasi ya pembeni yake mpaka Dada akaja kukaa. Vilio alivyovikataza yeye mwenyewe vikaanza, na yeye ndiye aliyetangulia.

"Lilikuwa zito," alisema Mama. "Ulitia nini mle, mwanangu?"

"Vitabu, Mama."

Shemeji, bado na bilauri mkononi, akamgeukia Redio atafsiriwe. Redio akajishika shingo, pale ambapo uzito wa sanduku lile ulimkalia tangu mlangoni hapa mpaka stendi.

"Anasema lilikuwa zito," akamwambia. "Na ni kweli, shemeji. Lilikuwa zito sana."