Lori Lililokataa Kukokotwa

Ukungu wa asubuhi bado umelalia mashamba ya viazi nje ya mji wa Burnt Forest, na Wakoli Wabuge amesimama juu ya bampa ya lori la jeshi, kichwa na mabega yake yakiwa yamezama chini ya boneti. Kinachoonekana ni ovaroli ya bluu iliyofifia na jozi ya buti zilizoshonwa kwa waya.

"Washa!" anapaza sauti kutoka humo ndani.

Mkewe, Linah, ameketi kwenye usukani, leso kiunoni. Anabonyeza stata. Lori linakohoa, linatetemeka kutoka pua hadi mkia, linanguruma mpaka kuku wanaruka ua. Kisha linalegea, linapiga chafya, linanyamaza.

Langoni, kijana mmoja aliyeketi juu ya mtungi wa gesi wa kukatia chuma anapiga makofi polepole. Ni Kevin, mnunuzi wa vyuma vikuukuu.

"Fundi, hiyo maiti umeiombea vya kutosha. Sasa tuzike."

"Kevin, maiti haikohoi," Wakoli anamjibu bila kutoa kichwa.

Lori wanalobishania ni Bedford ya zamani, mabega mapana, magurudumu ya kufika mtu kifuani. Lilitumikia jeshi kabla ya kuuzwa kwa mnada, likanunuliwa na mkulima wa hapa, marehemu Mzee Kipkirui, likabeba mahindi yake hadi mzee alipofariki. Tangu hapo limesimama bandani. Sasa familia inagawana shamba, banda litabomolewa, na mjane wa mzee, Mama Jelagat, amempa Wakoli mpaka jioni ya leo. Likitoka, ni lake bure. Lisipotoka, Kevin atalikata vipande papo hapo liliposimama.

Lakini kuna sharti. Haliwezi kuvutwa.

"Huku kwetu, ukiona ng'ombe anakokotwa kupita mlango wa boma, ujue huyo ni mzoga," anasema Mama Jelagat, mama mrefu mwenye sweta ya kijani, akiwa ameegemea nguzo ya lango. "Mzee alikuwa anaita hii lori ng'ombe yake. Mimi siwezi kukokota ng'ombe ya bwanangu mbele ya watu. Itoke na miguu yake."

Wiki iliyopita Wakoli alijaribu njia ya mkato. Alining'iniza mtungi mdogo wa petroli juu ya kibanda cha dereva, akashusha mpira hadi kwenye kabureta, na injini ikaimba vizuri kama kwaya ya Jumapili. Mama Jelagat alikuja, akautazama ule mpira, akatikisa kichwa.

"Hiyo ni dripu, fundi. Mgonjwa wa dripu hajapona. Inywe kwa tumbo yake."

Ndiyo maana Jumamosi ya leo imekuwa nzito. Injini ni nzima, stata ni nzima, betri ameazima. Lakini kila lori linapokunywa kutoka tenki lake lenyewe, linapata funda chache na kuzimika. Wakoli amesafisha kabureta. Amefungua pampu. Amepuliza mabomba kwa upepo mpaka petroli ikachuruzika safi, akashangilia, na baada ya muda mfupi likazimika tena. Ameosha tenki lenyewe, akamwaga kutu yote iliyotoka.

"Kuna kitu inanificha," anasema, akipangusa mikono kwa kitambaa. "Gari la jeshi halina uongo. Likikataa, lina sababu."

Wakoli ana umri wa miaka hamsini na miwili. Kazi yake ya kila siku iko Eldoret, katika uwanja wa mafundi ambako hutengeneza mashine za kupukuchua mahindi na matela ya trekta. Siku nzuri huondoka na shilingi elfu moja mia tano. Msimu wa mavuno ukipita, hata nusu ya hizo ni bahati.

Lakini nyuma ya nyumba yake ya mabati mtaani Langas, chini ya turubai, kuna Land Rover ya jeshi iliyokuwa imeoza sakafu hadi nyasi zikaota ndani. Leo inawaka kwa jaribio la kwanza. Pembeni yake kuna tela la maji la wanajeshi, ambalo majirani hulitegemea mifereji ikikauka. Vyote viwili alivifufua kwa mikono yake, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa vipuri vya kuokoteza na vingine vya kuchonga mwenyewe.

"Mimi nimeolewa na bwana mwenye wake watatu," Linah anasema, na uso wake hauonyeshi kama anatania. "Wawili wana magurudumu. Na leo ananileta nimsaidie kuposa wa nne."

"Na wewe ndiye unamwasha," mumewe anamkumbusha.

"Nimwache azimike niulizwe mimi?"

Linah ni fundi cherehani. Turubai la Land Rover alilishona yeye, na sindano zikavunjika nyingi. Kwenye dashibodi ya gari hilo bado yapo mabano ambayo zamani yalishika bunduki. Wakoli hakuyang'oa. Siku hizi yanashika mwavuli wa Linah.

Tajiri mmoja wa mtaa wa Elgon View aliwahi kufika Langas na bahasha, akitaka kuinunua Land Rover hiyo aipandishe juu ya jukwaa la saruji mbele ya lango lake, izungushiwe maua pande zote. Wakoli alimkaribisha chai, akakataa bahasha.

"Gari si chungu cha maua," anasema. "Kitu kilichotengenezwa kitembee, ukikisimamisha umekiua mara ya pili."

Mapenzi haya yalianzia Moi's Bridge, ambako baba yake alikuwa kibarua katika shamba kubwa la mahindi. Mvua moja ya Aprili, msafara wa malori ya jeshi ulikwama kwenye tope karibu na nyumba zao. Wanajeshi waliacha lori moja hapo mpaka kesho yake. Wakoli, akiwa bado wa darasa la tatu, alikwenda kuegemeza sikio lake kwenye boneti.

"Ilikuwa bado ina joto," anakumbuka. "Nikasema, kumbe chuma nayo hulala."

Alipokua alitaka kuingia jeshini. Siku ya usajili Eldoret alikimbia vizuri, akapimwa kifua, akapita. Kisha akaambiwa afungue mdomo. Alikuwa na pengo la jino la juu. Akarudishwa nyumbani.

"Jeshi lilinikataa kwa sababu ya jino," anasema, akicheka hadi pengo lenyewe linaonekana. "Magari yake hayajawahi kuniuliza habari ya meno."

Tangu wakati huo ana namna yake ya kufanya kazi. Haanzi na spana, huanza na ukucha. Hukwaruza rangi taratibu, tabaka kwa tabaka, hadi afikie ile ya kwanza. Kwenye lori la Mzee Kipkirui alipita bluu ya shamba, akapita kijivu, akafika kijani kizito cha jeshi na nambari nyeupe iliyopigwa kwa bati la kuchonga. Na pale alipokuta kiraka cha mkulima, hakukibandua. "Jeshi lililizaa, shamba likalilea," anasema. "Siwezi kufuta mlezi."

Kuna mtu mwingine ambaye ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa tangu asubuhi. Anaitwa Mbuthia. Ni mkulima wa viazi, jirani wa boma hili, mzee wa kofia ya sufi. Amekuja kuona lori hili likitoka, au kuliaga.

Mwaka 2008, vurugu za baada ya uchaguzi zilipofika hapa, nyumba ya Mbuthia, ambaye si wa kabila la Kipkirui, iliteketezwa. Yeye, mkewe na watoto walikimbilia bandani kwa Kipkirui. Mzee huyo aliwalaza kwenye lori hili, akawafunika kwa turubai, juu akapanga magunia ya mahindi, akaendesha mwenyewe kupita vizuizi vya vijana wenye mishale hadi Eldoret. Kisha akarudi kuchukua majirani wengine.

"Walimsimamisha," Mbuthia anasimulia. "Nilisikia wanamuuliza, mzee, umebeba nini? Akasema, mahindi yangu, mnataka kunisaidia kushusha? Wakacheka, wakampisha. Mimi nilikuwa nimemziba mtoto mdomo kwa mkono huu."

Anautazama mkono huo, kisha anautia mfukoni.

"Hii lori ikikatwa," anasema, "nitaonyesha wajukuu wangu nini?"

Mchana unafika na hakuna mabadiliko. Kevin ameshapanga mipira ya mtungi wake, kwa heshima, mbali kidogo na lori. Si mtu mbaya. Ana wafanyakazi wa kulipa, na gari alilokodi linamsubiri barabarani. "Fundi, mimi sina haraka ya roho," anasema. "Nina haraka ya jua."

Mama Jelagat anatoka jikoni na chai kwenye birika, na nyuma yake binti wa jirani anabeba mtungi wa plastiki wa maji ya kunawa. Mtungi hauna kifuniko. Mdomo wake umezibwa kwa gunzi la mahindi, kama ilivyo nusu ya mitungi ya mkoa huu.

Wakoli ananyosha mikono anawishwe. Binti anang'oa gunzi. Wakoli analitazama gunzi lile, na mikono inabaki hewani.

"Mama," anauliza polepole. "Hili lori nililikuta tenki halina kifuniko. Hiki kilichopo nilikuja nacho kutoka Eldoret. Cha kwanza kilikwenda wapi?"

"Kilipotea zamani. Mzee alikuwa anaziba na gunzi."

"Na hilo gunzi?"

"Lilizama ndani. Akaweka lingine."

"Na hilo lingine?"

Mama Jelagat anafikiri. "Nalo lilizama. Lakini fundi, huku magunzi hayakosekani."

Linah anaanza kucheka, anashika mlango wa lori asianguke, na Mbuthia naye, ambaye hajacheka tangu asubuhi, anapinda mgongo juu ya ndoo yake.

Tenki la Bedford lina kuta ndani za kuzuia petroli isisukumwe huku na huko barabara ikiwa mbovu. Nyuma ya kuta hizo, mahali ambapo maji ya kuosha hayakufika, ndipo magunzi yalipokuwa yamejificha, yamelainika kama uji. Wakoli akipuliza bomba, yanasukumwa nyuma. Lori likinywa, yanarudi kuziba mdomo.

Anatoa petroli yote, anafungua kifuniko cha geji juu ya tenki, anakunja waya kama ndoano, analala kifudifudi. Kinatoka kipande cheusi. Kinatoka kingine. Vinapangwa kwenye nyasi kama samaki wa mnadani, na kila kimoja kinapokelewa kwa shangwe.

"Haya, Mama," Kevin anapiga kelele, "ng'ombe yako haikuwa mgonjwa. Ilishiba tu mahindi!"

Petroli inarudishwa. Safari hii Wakoli anapanda mwenyewe kwenye usukani. Anabonyeza.

Lori linakohoa, linatetemeka, linanguruma. Watu wote wanasubiri ile chafya. Haiji. Injini inaendelea, inatulia, inapata mwendo wake. Wakoli anatia gia, na matairi yaliyozama udongoni yanajing'oa kwa mlio wa kitambaa kinachochanwa. Bedford inatoka bandani polepole, inaingia kwenye jua, inaelekea langoni.

Kevin ndiye anayelifungua lango. Kwanza inabidi auondoe mtungi wake.

Nje ya lango Mama Jelagat anainua mkono na lori linasimama, injini ikiendelea kuwaka. Amekata mmea utambaao wa sinendet, ule wanaovishwa mabingwa wa mbio wakirudi nyumbani, anauzungusha kwenye kioo cha pembeni. Kisha anampa Wakoli kibuyu cha mursik, maziwa yaliyogandishwa. Wakoli anakunywa. Mama anachukua kibuyu, anamimina tone moja kwenye bampa.

"Nenda," analiambia lori, si dereva.

Eldoret inajua kuwashangilia wanaokimbia. Na ijifunze pia kumshangilia anayewainua waliosimama, maana hilo nalo ni mbio, na mwisho wake hauna utepe wala kamera.

Wakoli hana haraka ya kulipaka rangi. Kwanza breki, kisha sakafu ya mbao, kisha viti vya benchi nyuma. Mpango wake ni kwamba kabla ya mavuno ya mwakani alirudishe Burnt Forest siku ya soko, awapakie watoto wa majirani wote, wa upande huu na upande ule, awapeleke kwenye maonyesho ya kilimo mjini.

"Linah ameshaniuliza atashona turubai lini," anasema. "Nimemwambia hapana. Hili halitafunikwa. Siku ile watu walibebwa humu wakiwa wamefichwa. Nataka sasa wabebwe wakionekana."

Linah anaelekea kibanda cha dereva, lakini Mbuthia amemtangulia, ameshika mpini wa mlango.

"Mama, niruhusu," anasema. "Siku ile nilikaa chini ya magunia. Sikuona hata mti mmoja mpaka Eldoret."

Linah anampisha, anapanda nyuma na kushika chuma cha ubavuni. Mzee Mbuthia anaketi mbele, anateremsha kioo kwa shida, anatoa kiwiko nje. Lori linashika barabara ya Eldoret, na mzee anampungia mkono kila mtu wanayempita, anayemjua na asiyemjua.