Nyundo na Rangi ya Kahawa

Nyundo ya baba niliinunua kwa haraka, na haraka ile ndiyo iliyoniponza. Methali ya haraka haraka haina baraka nilikuwa nawaandikia watoto wa darasa la tatu ubaoni kila muhula, wainakili mara kumi kwa mwandiko mzuri. Kwa hiyo siwezi kusema sikuonywa. Nilijionya mwenyewe, kwa chaki.

Kwetu Rubafu tulikuwa nyumba ya wahunzi. Baba alifua majembe na mihoro, vile visu vilivyopinda ambavyo kila mwenye kibanja cha migomba anavihitaji kukatia majani. Kaka yangu mkubwa alikaa naye kiwandani tangu akiwa mdogo. Mimi nilipelekwa shule ya misheni ya Kilutheri, na baba akanikataza kugusa mivukuto ya kupulizia moto. Alisema mkono wa kalamu hautiwi masizi. Nilifurahi wakati ule, kwa sababu kiwandani kulikuwa na joto na kaka alikuwa na makovu ya cheche mpaka shingoni.

Nyundo yenyewe haikuwa kama hizi za dukani. Haikuwa na mpini wa mti. Ilikuwa pande moja la chuma, upande wa juu mwembamba wa kushika, upande wa chini mnene kama kisigino cha mtu mzima. Babu ndiye aliyeifua. Na kwetu nyundo ya mhunzi haikuhesabiwa kuwa kifaa. Siku ilipokamilika iliingizwa ndani kama bibi harusi, imefunikwa lubugo, kitambaa chetu cha gome la mti, ikalazwa juu ya nyasi mbichi, wanawake wakaiimbia na rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikanywewa. Tangu hapo iliitwa mke wa nyumba. Mtu akiitaka haulizi bei. Anapeleka posa.

Vita na Uganda vilipokuja na mabomu yakadondoka karibu na mji wa Bukoba, watu walikimbilia kusini. Wenzetu walibeba magodoro, vyungu, kuku. Baba alibeba nyundo begani, imefungwa ndani ya lubugo, mpaka Ijumbi kule Muleba, mwendo wa siku kadhaa. Mimi nilibeba cheti changu cha ualimu ndani ya bahasha ya nailoni, na niliona haya kuongozana na mzee aliyebeba chuma wakati mama yetu hana hata blanketi. Kaka hakuwa nasi. Alikuwa amechukuliwa mgambo, kaenda vitani.

Ijumbi tulipokewa na mkulima mmoja na mkewe, watu wasiotujua kabisa, wakatugawia chumba na ndizi zao. Baba hakurudi Rubafu. Kifua kilimbana, akafia huko. Kabla ya kufa aliwaita wenyeji wetu akawakabidhi nyundo. Aliwaambia, "Nawaachieni bibi yetu. Watoto wangu watakuja kumposa."

Hatukwenda. Hilo nalisema wazi. Kaka alirudi kutoka Uganda na koti la jeshi na redio, akakuta kiwanda kimeezuliwa, akaona mkaa haulipi. Pesa ilikuwa kwenye magendo, mpakani na ziwani. Alioa, akajenga, akanunua pikipiki. Mimi nilihamia Kashai, pale mjini Bukoba, nikapanga chumba, nikafundisha. Miaka ikapita bila mmoja wetu kutaja Ijumbi.

Kisha ukaja ugonjwa ule, ambao mwanzoni watu waliupa jina la kitambaa cha magendo kwa sababu hawakuwa na jina jingine. Alianza mke wa kaka, wakafuata watoto wao wawili. Nilikuwa nikirudi Rubafu kila mwisho wa juma kuzika, kama si kwetu, kwa jirani. Migombani kulikuwa na matuta mapya ya udongo mwekundu mengi kuliko machipukizi. Mwishowe kaka naye akaanza kukonda.

Siku moja aliniita akiwa amelala karibu na mlango, mahali mama alipomtandikia ili apate hewa. Pembeni yake palikuwa na kijikapu cha akamwani, kahawa ya kutafuna, ya kuwapa wageni waliokuja kumwona. Wageni walikuwa wengi siku hizo, na kazi ya kijikapu kile ilikuwa kubwa kuliko ya sufuria.

"Mwalimu," akaniambia. Alipenda kuniita hivyo tangu utoto, kwa kunitania. "Nyumba hii haina mhunzi. Mimi naondoka. Nikiondoka kabla sijakufundisha kutia chuma maji, imekwisha."

Kutia chuma maji ndiyo siri yote. Kupinda chuma hata mjinga anaweza. Lakini kukichoma mpaka kifike rangi yake, ukakizamisha majini kikanywa kikawa kigumu, hilo baba alimfundisha kaka peke yake. Kaka alitaka kunifundisha kwa nyundo ile ile, si nyingine. Nami nilitaka, Mungu ananiona. Ningefanya lolote ili aniambie kitu kabla hajaenda. Maisha yetu yote alikuwa ananitania tu.

Nikaanza kukusanya vyombo. Fuawe ya kugongea chuma ilikuwepo, ni jiwe, hakuna mwizi aliyeliweza. Mivukuto panya walikuwa wamekula ngozi, nikatafuta ngozi mbili za mbuzi, nikazilainisha kwa mafuta na kuzifunga upya. Koleo la baba nililikuta, tena kwa bahati, kwa mchuuzi wa samaki aliyekuwa akitoka visiwa vya Muleba. Alikuwa analitumia kugeuzia sangara kwenye karai la mafuta ya moto. Alikataa kuliuza, akasema halijawahi kumuunguza, mpaka nilipomletea upawa mpya wenye mpini mrefu na sufuria juu yake. Nilicheka njia nzima kurudi nyumbani. Ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka kucheka mwaka ule.

Ijumbi nilikwenda siku ya Jumamosi. Mkulima aliyetupokea alikuwa amekwisha kufa. Mkewe alikuwepo, amezeeka, na wajukuu watano wasio na wazazi. Akanikaribisha, akanipa kahawa ya kutafuna, akasikiliza. Kisha akaingia ndani akatoka na nyundo imefungwa katika lubugo lile lile la baba. Ilikuwa nyeusi, inang'aa kidogo. Alikuwa akiipaka samli kila mwaka.

"Waitu mwalimu," akasema kwa heshima, "rubisi iko wapi? Na aliyekusindikiza yuko wapi? Bibi haposwi na mtu mmoja aliyeshika begi."

Nikamweleza kwamba kaka yuko hoi, kwamba sina muda wa kukamua ndizi na kungoja pombe ichachuke. Nikatoa pesa nikaziweka juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni. Nilizungumza kama wanavyozungumza maofisa. Aliziangalia, akawaangalia wale wajukuu.

"Sawa," akasema. "Siku hizi kila kitu kinanunuliwa."

Akazichukua. Hakunisindikiza mpaka njiani, na kwetu mgeni asiyesindikizwa anaelewa kwamba amekosea. Nami nilielewa, lakini nikajiambia kwamba nitarudi na posa baadaye, mgonjwa akipata nafuu. Mgonjwa gani alikuwa anapata nafuu miaka ile?

Sasa nije kwenye upumbavu wangu wenyewe. Niliifikisha nyundo Kashai jioni, nikaitazama kwenye mwanga wa dirisha, nikaona weusi ule ni uchafu. Mimi nilikuwa mwalimu wa usafi. Nilikagua kucha za watoto kila Jumatatu. Nikaona aibu kumpelekea kaka kitu kichafu kitandani kwake. Asubuhi nikaipeleka gereji ya jirani, fundi akaipiga moto wa gesi mpaka ikawa nyekundu, uchafu ukaungua wote, akaiacha ipoe taratibu kwenye mchanga, kisha akaisugua kwa mashine. Ikatoka nyeupe kama kijiko. Nilimshukuru sana yule fundi. Hakuwa na kosa, alifanya nilichomwambia.

Kaka aliipokea kwa mikono miwili. Akaomba tupa. Akaweka tupa juu ya uso wa nyundo, akavuta mara moja, na unga wa chuma ukamwagika juu ya blanketi. Nyundo ya mhunzi tupa haiwezi kuiuma, inateleza tu. Ile iliumwa kama muhogo.

"Umeichoma," akasema.

"Niliisafisha, kaka."

"Umeichoma ikapoa taratibu. Maji ya babu yametoka yote." Akafumba macho. Nilidhani atanitukana, na ningependa anitukane. Kisha akasema, "Basi utaitia maji wewe. Ndilo somo lenyewe. Sikulitaka hivi, lakini ndilo."

Tulingoja siku tatu apate nguvu za kuzungumza. Hakupata. Kinywa chake kilikuwa kimejaa utando mweupe na kila neno lilimuuma. Siku ya nne, mchana, mama alisema tusingoje zaidi. Nikawasha mkaa kwenye kiwanda kisicho na paa, hatua kumi kutoka mlangoni pake. Nikaweka mtungi wa maji. Nyundo ya dukani niliyokuwa nimekuja nayo kutengenezea fremu ya mivukuto ilikuwa pale chini. Nikaenda mlangoni nikainama.

"Niitoe ikiwa rangi gani?"

"Kahawa," akasema.

Neno moja. Nilipaswa kuuliza, kahawa ipi? Mtoto wa darasa la kwanza angeuliza. Lakini nilijiona nimeelewa, mwalimu mzima, na sikutaka kumfanya aseme neno la pili lenye maumivu. Nje mbele yangu mibuni ilikuwa imeiva, matunda mekundu yamejaa matawini. Nikasema, kumbe ni rahisi hivi.

Nikavukuta. Nilivukuta mpaka jasho likaniingia machoni. Chuma kikatoka weusi, kikawa kama damu iliyoganda, kikaendelea kupanda, nami nikaendelea kuvukuta, mpaka kikafanana kabisa na tunda la mbuni lililoiva, jekundu linalowaka. Nikaishika nyundo kwa koleo la baba, nikaizamisha. Maji yakanguruma. Halafu, ndani ya ule mngurumo, nikasikia tak, sauti ndogo, kama mtu aliyevunja njiti.

Nikaitoa. Ufa ulianza usoni ukapanda mpaka kiunoni. Nyundo ya babu, iliyoletwa nyumbani ikiimbiwa, iliyobebwa begani wakati wa mabomu, iliyopakwa samli na mjane wa Ijumbi, niliipasua mimi mchana kweupe.

"Imekunywa?" kaka akauliza kutoka ndani.

"Imekunywa," nikasema.

"Piga nisikie."

Nikaiweka ile iliyopasuka kwenye majivu. Nikachukua jembe bovu nikaliweka juu ya fuawe, nikashika nyundo ya dukani, nikapiga mara tatu. Ililia vizuri, kwa sikio langu. Nikangoja.

"Mwalimu."

"Naam, kaka."

"Hiyo ni ya dukani."

Nilikwenda mlangoni nikasimama, kichwa chini, kama watoto wangu wanavyosimama wakiwa wamevunja kioo cha darasa.

"Uliitoa ikiwa rangi gani?"

"Ya kahawa. Nyekundu. Kama ile ya mibunini."

Hakukasirika. Akanyoosha mkono, ambao ulikuwa umebaki mfupa na makovu ya cheche, akakitikisa kijikapu cha wageni. Akamwani zikagongana ndani, kavu, zimechemshwa na kuanikwa, za rangi ya hudhurungi iliyofifia. Wekundu umo, lakini ni wa kuutafuta. Tangu utoto wetu hakuna mtu ndani ya nyumba ile aliyesema kahawa akiwa na maana ya tunda la mibunini. Tunda la mibunini lilikuwa la chama cha ushirika, la kuuza. Kahawa ilikuwa ile ya kijikapu. Mimi nilikuwa nimekaa shuleni muda mrefu mno.

"Ni hii," akasema.

Nikapiga magoti. Nilimwambia nisamehe, nilimwambia nitatafuta nyingine, nitakwenda Ijumbi na rubisi, nitafanya kila kitu kwa utaratibu. Nilizungumza sana. Yeye alikuwa anaangalia nje, pale penye moshi.

"Rudi," akasema.

"Wapi?"

"Kiwandani. Piga hiyo hiyo ya dukani. Nilitaka nisikie panapigwa."

Nikarudi, nikashika nyundo ya dukani, nikapiga. Sikuwa nafua chochote. Jembe lilikuwa baridi, lilijikunja tu na kuchakaa zaidi. Nilipiga mpaka malengelenge yakanitoka kwenye mkono wa kalamu, kwa sababu kila nilipofikiria kuacha niliona anasikiliza. Niliendelea mpaka mama akatoka, akaja polepole, akanishika kifundo cha mkono, akaniambia nipumzike, hakuna tena anayesikiliza.