Kisima Kilichojaa Kiangazi

Nilikulia Masasi, ambako shida ya maji ilikuwa foleni. Nilipoolewa Kitangari nikakuta shida ni mteremko. Pampu ikiharibika tulishuka bondeni alfajiri, tukapanda na ndoo kichwani bila kuongea, kwa kuwa pumzi ilikuwa ya kupandia tu. Kila mwenye nyumba ya bati alichimba kisima cha saruji uani. Mvua iliteremka kwa mlizamu wa paa ikaingia humo, na mdomo wa kisima ukafungwa kwa kufuli. Sisi tulikuwa nacho. Kiangazi ninachokisimulia, kisima chetu kilikuwa kikavu kama vya wenzetu.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya watu binafsi kuruhusiwa kununua korosho. Mnunuzi wa kwanza kufika kwetu hakutaka mizani. Alitaka kangomba, bakuli analolijaza mpaka lifanye kichuguu. Wakulima, Waislamu kwa Wakristo, wakamchagua mume wangu awasemee kwenye mkutano wa kupatana naye. Alikuwa katekista, na alikuwa hapokei hata kipande cha muhogo kabla ya kuuliza kimetoka kwa nani.

Jumapili moja alifundisha habari za mfalme Daudi: alivyotamani maji ya kisima cha kwao wakati adui wamekizingira, watu wake watatu wakapenya wakamletea, naye akakataa kuyanywa, akayamwaga chini mbele za Mungu. Kanisa zima liliguna.

"Baba Katekista, aliyamwaga yote?" mama mmoja aliuliza tulipotoka.

"Yote."

"Basi mkewe alikuwa hateki."

Kesho yake habari ilishafika bondeni. Bibi jirani yetu, Mwislamu mwenye nyumba ya nyasi, alicheka mpaka akatua ndoo. "Nabii Daudi hata kwetu yumo," alisema, "lakini hilo la kumwaga maji mmelitoa wapi nyinyi?"

Wiki hiyo mnunuzi alikuja kututembelea. Nilimpa maji nusu kikombe, na mume wangu akamwomba radhi: "Utusamehe, ndugu yangu. Maji yetu ndiyo haya. Mama huyu anashuka bondeni kila alfajiri." Kila mwenyeji wa huku juu husema hivyo kwa mgeni. Ni adabu tu, kama mpishi anavyosema chumvi haikukolea. Lakini mgeni alikuwa mtu wa mbali. Alinitazama, akatikisa kichwa kwa huruma.

Siku chache baadaye, mume wangu akiwa Newala mjini, nilipanda kutoka bondeni na wanawake wenzangu. Uani kwetu tukakuta alama za matairi ya lori na udongo uliolowa chini ya mlizamu. Kufuli lilikuwa mahali pake. Boza la maji lilikuwa limepitishia mpira wake njia ya mvua, na wa kulilipia alikuwa mmoja tu, mnunuzi. Nilifungua kifuniko. Maji yalikuwa karibu na mdomo, na nyuso zetu zote zilionekana ndani yake.

Bibi alijitwisha ndoo yake. "Haya, Mama Katekista. Kesho alfajiri hatukugongei mlango."

Mume wangu aliporudi alizunguka kisima kile na baiskeli yake mkononi. Kuyarudisha hakuwezekani. Kuyagawa, kijiji kizima kitakuwa kimekunywa cha mnunuzi. Kuyamwaga, mbele ya wanawake waliotoka bondeni, asingethubutu. "Daudi alipona," alisema, "kwa kuwa yalimfikia yakiwa bado mkononi." Kisha akakaa barazani. "Na yeye alianza kwa kulalamika kiu mbele ya watu. Mimi nilifikiri namwomba mgeni radhi. Kumbe nimeagiza."

Tukaacha kifuniko kimefungwa. Niliendelea kushuka bondeni, peke yangu sasa, hatua chache nyuma ya wenzangu. Niliwasikia wakisema ninashuka kuonyesha watu. Nyumbani kuliniuma zaidi: ukipita uani unasikia kishindo cha mguu wako kimebadilika, sakafu haina tena ule mwangwi wa kisima kitupu.

Siku ya mkutano mnunuzi alimpokea mume wangu kwa mikono miwili. "Karibu, mwenyeji wangu!" Mume wangu akasimama, akaeleza vizuri kabisa kwa nini tunataka mizani. Nyuma mtu akasema, "Mwacheni, koo lake limelowa."

Nilidhani atajitetea. Akasema, "Sijaonja hata tone, ila siwezi kuwathibitishia. Chagueni mwingine," akaketi.

Hapo bibi akainuka. "Shikamoo, bibi," mnunuzi akasema haraka. "Marahaba, mwanangu. Mimi nyumba yangu ya nyasi. Mlizamu sina, kisima sina. Huna pa kuingizia mpira wako." Watu wakaangua kicheko. "Leta mizani, au beba bakuli lako uende nalo kwa watu wa Mkunya."

Mizani ililetwa. Korosho zetu zote zilipimwa kwa mizani hiyo msimu ule, za kwetu pia, na bibi ndiye aliyesimama kando yake akitazama mshale. Mume wangu hakuchaguliwa tena kusemea jambo lolote.

Mvua ya kwanza ilianguka mchana. Tulikaa barazani tukisikia maji yakikimbia juu ya bati, yakiteremka mlizamuni, yakiingia juu ya yale mengine.

"Sasa hata nikitaka kuyamwaga," alisema, "nitamwaga na ya Mungu."

Nilichukua ndoo, nikaenda kuikinga chini ya paa, upande usio na mlizamu.