Kidole Ndani ya Uji

Juzi nilikwenda mwaloni Nkome, mitumbwi inaposhusha samaki, kununua dagaa, nikamkuta mchuuzi mmoja akigombana na gunia lake la mtama mwekundu. Maji ya ziwa yalikuwa yameingia mtumbwini, gunia likalowa, na sasa mtama unatoa vichipukizi vyeupe. "Umeoza, bibi, nautupa," akasema. Nikaingiza mkono, nikanusa. Haukuoza, ulikuwa umeanza kazi. Nikamwambia nauchukua wote. Wasichana wanaoanika dagaa wakacheka: "Bibi anaenda kulisha kuku wa kata nzima!" Wacheke. Harufu ile ilikuwa imeshanirudisha nyumbani kwa bibi yangu, Nyanzobe.

Tulikaa upande wa Mwadui, karibu kiasi cha kusikia king'ora cha mgodi wa almasi kikiita watu kazini. Kwa wenzetu wengine uliingia mshahara. Kwetu uliingia mtama tu. Shule nilisoma miaka miwili, rafiki yangu, lakini pombe niliijua kabla sijajua kuandika jina langu.

Mwaka huo mguu wa bibi ulivimba, akawa hawezi kukanyaga. Magugu yakaanza kuufunika mtama. Kwetu ulikuwa hukodi mtu. Unapika pombe, unaita kikundi cha palizi, wanakuja na majembe na ngoma yao. Pombe ikiwa mbaya wanaweka majembe begani wanaondoka, na hakuna wa kuwalaumu. Sisi shamba lile likifa, mwaka mzima ni kuombaomba. Basi bibi akasema, "Atapika Mbuke." Mbuke ndiye mimi. Nilikuwa na miaka kumi.

Mke wa mjomba, Nshoma, aliyetoka kota za mgodini na kuzoea bia ya chupa, akapiga makofi. "Huyu anayeunguza hata viazi? Waambieni waje na vijiko, watakunywa uji!"

Nililoweka mtama mtungini siku moja, nikauchuja, nikautandaza chini ya gunia bichi, kila nikiamka naunyunyizia maji. Mizizi ilipofika urefu wa ukucha nikauanika, nikausaga kwenye jiwe, ukawa kimea. Halafu nikapika uji mzito wa mtama. Hapo ndipo penye kazi. Kimea hakitiwi kwenye uji wa moto mkali, kinakufa. Hakitiwi kwenye uliopoa, kinalala. Kipimo cha bibi kilikuwa hiki: chovya kidole, taja dada zake wanne, Kabula, Milembe, Minza, Holo. Ukiwamaliza bila kuchomoa kidole, tia.

Nshoma alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Sikutaka anione nikikunja uso. Nikachovya, nikawataja wote wanne kwa pumzi moja, nikamimina kimea.

Jua lilipofika utosini nikafunua chungu. Uji wa pombe hulainika na kuwa mtamu kama muwa. Wangu ulikuwa umesimama vilevile, mwiko hauanguki. Nshoma akaenda kuleta kijiko kweli, akakitia mkononi mwangu.

Nikaingia kwa bibi nikilia. Akaonja, akanitazama. "Umewaita dada zangu mbio kama unafukuza kuku. Milembe alikuwa mnene, yule hakimbii. Kimea kimebaki?" Kilibaki kibuyu kimoja. "Basi rudi. Safari hii waite kama watu."

Nikaurudisha uji motoni, nikaungoja upoe kidogo. Nikawaita polepole, machozi yananitoka, kidole sikuchomoa. Nikatia kimea kilichobaki, nikaweka kando konzi moja. Jioni uji ulikuwa mwepesi, mtamu, unashika midomo. Nikauchemsha, nikaupoza, nikaongeza ile konzi ya kimea, nikafunika. Kesho yake chungu kilikuwa kinanong'ona.

Siku ya palizi walikuja watu ishirini. Desturi yetu mpishi huonja kwanza mbele ya wageni, basi nikapiga funda moja. Kiongozi wao, Masanja, akapokea kibuyu, akanywa, akafuta midomo. Akanywa tena. "Nani kapika?" Nikasema, "Mimi." Akageukia wenzake: "Haya, tulime! Wabeja, asante, mama mdogo!" Shamba lilikwisha kabla ya jua kuzama, na Nshoma alirudi chunguni mara tatu. Niliziona zote.

Nyanzobe ameshakwenda, Masanja ameshakwenda, na kikundi cha palizi hakipo tena. Leo mtu mmoja anabeba bomba la dawa mgongoni, anapulizia magugu asubuhi moja, hasalimiani na mtu, anaondoka. Mtama wenyewe wengi wameuacha. Watu wananunua kinywaji dukani, kila mmoja anakunywa na simu yake.

Mwanangu ameokoka, nami namheshimu. Ananiambia, "Mama, acha kupika hicho kitu. Ni dhambi, watu wanakusema." Nikamwambia: majembe ishirini kwenye shamba la mwanamke mgonjwa, mwanangu, hiyo ilikuwa dhambi ya nani?

Nikamwomba anisogezee kuni chini ya chungu cha mtama ule wa mwaloni, akasogeza.