Mlango wa Fomeni

Siku yangu ya kwanza katika yadi ya mbao pale Kisumu, nilivuta tepu nikapima mbao ya nne kwa mbili mbele ya mteja, kisha nikatangaza kwa sauti kwamba imepungua. Fomeni, msimamizi wetu wa kazi, akanivuta pembeni kwa kola ya shati. Alikuwa mtu wa Nyakach, mrefu, mwenye penseli nyuma ya sikio hata akienda kanisani.

"Omera, ndugu yangu, nani amekutuma uharibie sisi kazi?" akaniuliza. "Hiyo fobaitu, nne kwa mbili, ni jina yake tu. Wewe unaitwa Ochieng', mtoto wa jua. Kwani unawaka?"

Wenzangu walicheka hadi mashine ikazimwa. Baadaye Fomeni alinifundisha polepole. Gogo likipita kwenye msumeno, mbao hutoka na inchi zake kamili, nne kwa mbili, lakini ikiwa mbichi na yenye makovu. Ikikauka hunywea kidogo. Ikipigwa randa ili iwe laini, kila upande huliwa, na mwisho hubaki inchi tatu na robo tatu kwa moja na robo tatu. Bado itaitwa nne kwa mbili, kwa sababu ndilo jina ililozaliwa nalo. Ukimweleza mteja hayo mapema, hataona kwamba umemwibia.

Baada ya muda Meneja alinipeleka tawi la Kisian, kupokea magogo na kupanga mbao zikauke. Mkubwa wa pale, Msimamizi wa Stoo, alikuwa mkali wa macho na mpole wa ulimi. Nilipanga mbao kwa vijiti kati yake ili upepo upite, nikajifunza kusubiri. Niliporudishwa Kisumu, Fomeni alikuwa ameanza kuota mvi, na bado alikuwa akiishi chumba cha kupanga kule Obunga na mkewe, Mama Akinyi.

Hapo ndipo uchungu wangu unapoanzia. Fomeni hakuwa na nyumba nyumbani kwao, karibu na Pap Onditi. Kwa watu wetu, mtu mzima hazikwi kama mpita njia. Sharti mwili wake ulale kwanza ndani ya nyumba yake mwenyewe, na akifa kabla hajajenga, nyumba hujengwa mbiombio kabla mwili haujafika. Fomeni aliliogopa jambo hilo kuliko kifo chenyewe.

Si kwamba alikosa mbao. Nyuma ya chumba chake alikuwa na rundo la saiprasi linalokauka. Alitaka nyumba ya mbao kavu, zilizopigwa randa, pembe zikutane barabara. Lakini rundo likishakauka, mtu huja analia. Mara jirani ameunguliwa na nyumba, mara paa la dada yake limeng'olewa na upepo wa ziwani. Fomeni alitoa zote, kisha akaanza kupanga mbichi upya.

"Baba Akinyi, hata ya matope itanitosha," mkewe alimwambia siku moja nikisikia.

"Ngoja kwanza hizi zikauke, mama," akajibu.

Kifua kilimbana msimu wa mvua, akaenda. Rundo lililokuwa nyuma ya chumba lilikuwa bichi kabisa.

Tulipoambiwa siku ambayo mwili ungefika, sisi wa yadi tulipakia mbao zile mbichi na mabati kwenye lori, tukaingia Pap Onditi kukipambazuka. Mlango tuliubeba ukiwa tayari, umetengenezwa karakanani kwetu. Mzee wa ukoo alitusimamia akiwa ameegemea fimbo.

"Na mlango ufunge," alisema. "Ndugu yetu hawezi kulala kwa kibanda."

Jioni paa lilikuwa juu. Tukainua mlango, ukagoma. Nguzo tulikuwa tumezichimbia kwa hesabu ya miimo, yaani zile mbao mbili za pembeni ya mlango, kana kwamba imepigwa randa. Kumbe kwa haraka ile hakuna mbao iliyopita kwenye mashine, na kila mwimo ulikuwa na inchi zake mbili kamili. Robo huku, robo kule, mlango ukakosa nafasi ya nusu inchi. Sisi wenye kuwaeleza watu tofauti hiyo kila siku, msiba ulikuwa umetutoa akili.

Tukasikia nduru za wanawake barabarani. Gari la mochari lilikuwa limefika.

"Wacha tu, Ochieng'," mwenzangu akasema. "Tutaegemeza."

"Mlango wa Fomeni hauegemezwi," nikamjibu, nikashika randa nikaanza kuipunguza miimo.

Mbao mbichi hairandiki vizuri. Maranda yake huloa na kuziba ulimi wa randa. Niliyachokoa kwa kidole nikaendelea, nikilia waziwazi, na sioni haya kusema. Jeneza lilisubiri langoni. Hatimaye mlango ukafunga. Nikaufungua, wakamwingiza. Alilala mle usiku mmoja, kesho yake tukamzika.

Nimestaafu sasa. Vijana wakinijia na michoro yao huwaambia wanunue kwa jina lakini wajenge kwa tepu, na wapime tena hata kile wanachokijua.

Juzi nilikwenda kumsalimu Mama Akinyi. Anaishi katika nyumba ile ile. Mbao zimekauka ukutani, na mlango nilioutolea jasho sasa unacheza ndani ya fremu upepo ukivuma. Alinimiminia uji, akautazama mlango kwa muda mrefu.

"Baba Awuor," akaniita kwa jina la binti yangu, "hii nyumba mlianza lini?"

"Asubuhi ile ile, mama. Siku ile mlimleta."

"Na mkamaliza jioni?"

"Jioni."

Akaweka kibuyu chini.

"Miaka yote hiyo nikingoja," akasema, "kumbe ni kazi ya siku moja tu."