Ijumaa Mbili Bila Tangazo

Kuna watu wanaojulikana mji mzima kwa mali zao, na wengine kwa vurugu zao. Télesphore wa Kadutu alijulikana kwa simu yake. Mtu yeyote aliyechukua diploma kwenye kile chuo kikuu cha mlimani, awe bado yuko Bukavu, awe kwenye machimbo ya dhahabu kule Mwenga, awe Luvungi analima mpunga, kila Ijumaa saa kumi alitazama simu yake kuona kama Papa Télé ametuma barua.

Barua ya wahitimu ilikuwa na kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa habari za chuo: nani kapewa ukuu wa kitivo, paa gani limevuja, mitihani imeahirishwa kwa mara ya ngapi. Wa pili ulikuwa wa utafiti. Wa tatu ulikuwa wa ajira, na tusidanganyane, huo ndio uliokuwa barua yenyewe. Wako waliopokea barua miaka minne bila kujua kwamba ina ukurasa wa kwanza. Ule wa utafiti ulikuwa na wasomaji wawili, Télesphore na mtafiti mwenyewe, na mtafiti aliusoma ili ahakikishe tu kwamba jina lake limeandikwa sawasawa. Lakini ule wa ajira uliandikwa kwa Kiswahili chepesi kabisa, na mama za wahitimu waliusoma kabla ya watoto wao, kisha wakawaamsha kwa kelele.

Malalamiko hayakukosa. Mmoja aliyehamia Kinshasa alimsahihishia vituo vya Kifaransa kila juma kama vile analipwa kwa kituo. Mwingine, Pascal, alimnunia miezi sita kwa sababu kwenye orodha ya wahitimu aliandikwa "satisfaction" na yeye alipata "distinction", daraja la juu zaidi. Télesphore aliwajibu wote kwa adabu. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye suti moja ya kahawia iliyokuwa imeshaonana na wakuu watatu wa chuo, na aliamini kwamba mhitimu akipotezana na chuo chake ni sawa na mbuzi aliyekata kamba.

Ofisi yake iliwahi kuwa stoo ya chaki, na ukipiga meza kofi mpaka leo utapiga chafya. Mlangoni kulikuwa na kibao: "Chargé des Anciens," yaani msimamizi wa wahitimu. Alikuwa na muhuri, alikuwa na wino wa muhuri, alikuwa na kiti cha mgeni. Kitu kimoja tu hakuwa nacho. Télesphore alikuwa bénévole, yaani mtu anayechoka kama wafanyakazi wenzake, ila mwisho wa mwezi kwake ni siku kama siku nyingine. Yeye mwenyewe alihitimu kilimo miaka tisa iliyopita. Wahitimu zaidi ya mia walikuwa wamepata kazi kupitia ukurasa wake wa tatu, na yeye bado. Mganga hajigangi.

Nyumbani kilichokuwa kikiiweka sufuria motoni ni vitenge alivyouza mkewe Colombe kwenye soko la Kadutu. Colombe hakuwahi kumsimanga. Aliyemsimanga alikuwa baba mkwe kule Nyantende, na aliifanya kazi hiyo mara moja tu kwa mwaka, siku ya Noeli, mbele ya watu wote na mfupa wa kuku mkononi.

"Iyi kazi yako ya université," aliuliza mzee, "iko kazi, ao iko sala?"

Watu walicheka. Télesphore naye alicheka, halafu akatoka nje kwenda kutazama migomba ambayo alikuwa ameshaiona miaka yote. Ilimuuma. Alitaka siku moja tu, hata kama ni moja, amjibu yule mzee kwa kumtaja mwajiri.

Basi Jumatatu moja ya msimu wa mvua ikaingia barua kutoka shirika la Udongo na Uhai, lenye ofisi kule Muhumba. Mkurugenzi wake, Maman Mireille, aliandika kwamba wanatafuta mtu mmoja wa kuchukua habari za utafiti wa kilimo na kuwafikishia wakulima wa Mudaka na vijiji vya jirani, kwa maneno yanayoeleweka. Awe mhitimu wa kilimo. Awe na mazoea ya kuandika na kusambaza habari. Mkataba wa miaka mitatu. Chini aliongeza: "Mwaka jana tulibandika tangazo barabarani tukapokea maombi mia tatu, moja la golikipa. Safari hii tunawatumia nyinyi peke yenu. Tafadhali litoke kwenye barua yenu Ijumaa hii na ile inayofuata."

Télesphore aliisoma mara tatu. Mara ya tatu aliisoma akiwa amesimama. Hii haikuwa kazi tu, hii ilikuwa picha yake, labda ilikosa suti ya kahawia peke yake. Akaifungua droo, akaiweka barua ndani, akaifunga droo polepole, utadhani ndani mna mtoto amelala.

Hakuamua kuficha. Mtu wa watu kama yeye haamui kuficha. Aliamua kuchelewesha. Alijiambia kwamba amewagawia wenzake kazi mia na zaidi, na hata Mungu siku ya saba alipumzika. Halafu Ijumaa ilipofika aligundua kwamba nafasi kwenye barua ni finyu sana, maana utafiti wa Profesa Apollinaire kuhusu nguruwe wa Mudaka ulihitaji kurasa mbili nzima pamoja na orodha yote ya vitabu alivyorejea. Kwenye ajira akaandika: "Wiki hii hakuna nafasi."

Profesa Apollinaire alikuja mwenyewe ofisini, macho yamelowa. Miaka thelathini ya ualimu na hakuna aliyewahi kumchapia orodha yake ya vitabu mpaka mwisho. Alimshika Télesphore mikono yote miwili.

"Weye njo mutu unaheshimu sayansi," akasema.

Télesphore aliitazama droo.

Jumatano iliyofuata akaja Elodie. Elodie alimaliza kilimo miaka miwili iliyopita kwa alama nzuri sana, na tangu hapo alikuwa anauza vocha za simu Nyawera chini ya mwavuli. Kila Jumatano alipanda kilima kuuliza, kwa sababu, alivyosema, Ijumaa iko mbali.

"Papa Télé, kuko kitu?"

"Hapana, mama. Iyi wiki iko kavu."

"Haina shida. Siku ikifika najua utaniambia."

Akaenda zake. Télesphore alikaa palepale, chai ikapoa mbele yake, akajiona mtu mdogo. Lakini aibu ni kitu kimoja na Nyantende ni kitu kingine. Ijumaa ya pili barua ilitoka na hotuba ya mkuu wa chuo yote, pamoja na sehemu ambazo mkuu mwenyewe alikuwa ameziruka alipoisoma, na kwenye ajira: "Wiki hii pia hakuna nafasi." Lile neno "pia" aliliongeza ili lionekane lina masikitiko.

Jumamosi, siku ya mwisho ya kupokea maombi, saa tano asubuhi, alipeleka bahasha yake Muhumba. Mlinzi alimwonyesha sanduku. Bahasha ilipodondoka ndani ilitoa mlio mkubwa, na Télesphore, ambaye si mjinga, alielewa kwamba sanduku ni tupu.

Jumatatu saa mbili aliitwa. Maman Mireille alikuwa mama mnene, mwenye miwani na sauti ya taratibu. Meza yake ilikuwa safi, na juu yake kulikuwa na bahasha moja.

"Papa Télesphore, miye nashangala," alianza. "Mu Bukavu hii, ukitafuta sentinelle wa kulinda geti tu, batu makumi tano banakuletea diploma ya licence. Leo natoa kazi ya miaka tatu, dossier iko moja. Yako."

"Labda batu baliogopa masharti, maman."

"Labda. Sasa uniambie, unajua kusambaza habari?"

Hapo ndipo alipokuwa anapasubiri. Alifungua mkoba, akatoa nakala tano za barua ya wahitimu zilizopigwa chapa vizuri, na juu kabisa aliweka mbili za mwisho, kwa kuwa ndizo zilizokuwa ndefu kuliko zote. Akaeleza kwa dakika kumi. Wahitimu elfu moja na mia nane. Kila Ijumaa saa kumi, mvua inyeshe, umeme ukatike. Hata huko machimboni Mwenga watu wanapanda juu ya kilima kutafuta mtandao. Hakuna tangazo linaloweza kupita kwake bila kufika. Aliongea vizuri sana, na alijisikia akiongea vizuri, na huo ndio ubaya wa kujisikia.

Maman Mireille alisikiliza mpaka mwisho. Akavuta zile nakala mbili za juu.

"Aksanti sana, papa. Sasa unisaidiye. Tangazo yetu iko ku page gani?"

Télesphore alianza kutafuta kitu mkobani. Mama alifunua mwenyewe. Alisoma kwa sauti: "Wiki hii hakuna nafasi." Akafunua ya pili: "Wiki hii pia hakuna nafasi." Ni lile "pia" lililommaliza Télesphore. Alitamani ardhi ipasuke, na kwa mmomonyoko tulio nao Bukavu, hilo halikuwa ombi kubwa.

"Papa," akasema Maman Mireille bila kupandisha sauti, "miye natafuta mutu wa kupeleka habari ku batu. Weye unanionyesha kama unajua kuificha vizuri."

"Nisamehe, maman. Miaka tisa..."

Mama alivua miwani, akaifuta. Labda alikuwa anaficha kicheko, labda huruma. Télesphore hakuthubutu kuangalia.

"Tangazo yetu utaiandika leo. Naongeza siku kumi. Enveloppe yako inabaki hapa, hatuitupe. Lakini itakuwa moja kati ya zingine."

Alirudi kwa miguu kutoka Muhumba mpaka soko la Kadutu, akamweleza Colombe kila kitu, kwa sababu mficha uchi hazai. Colombe alicheka mpaka akakalia furushi la vitenge. Mteja aliyekuwa anachagua kitambaa alianza kucheka naye bila kujua sababu.

"Télé," Colombe akasema alipopata pumzi, "na kama ungeipata ile kazi, ungeandika nini ku barua? 'Tunamupongeza Télesphore, alishinda batu zéro'?"

Halafu akaacha kucheka, akamfuta vumbi begani. "Miye sikuolewa na kazi. Nenda utume."

Akatuma saa nane mchana. Barua haijawahi kutoka Jumatatu, kwa hiyo wengi walidhani kuna aliyekufa, na watu arobaini waliandika pole kabla hawajasoma. Walipoisoma, simu yake ikapata moto mpaka akaiweka dirishani. Elodie alimpigia mara mbili kuuliza kama nakala ya diploma inatosha, na Télesphore akamgongea muhuri mwenyewe siku hiyohiyo.

Maombi yalifika mia mbili na kumi na mawili. Golikipa alikuwemo. Walifanya mtihani wa kuandika katika ukumbi wa parokia: eleza ugonjwa wa muhogo kwa mkulima ambaye hana muda. Télesphore aliandika kurasa sita na orodha ya vitabu. Elodie aliandika nusu ukurasa. Akawa wa kwanza. Télesphore akawa wa tatu.

Ijumaa baada ya matokeo ilimpasa aandike pongezi. Aliziandika mara nne. Ya kwanza ilikuwa baridi, ya pili ilikuwa na wivu, ya tatu ilikuwa ndefu. Ya nne alimwandika Elodie kama anavyostahili, akaituma, kisha akafunga ofisi mapema, akaenda kukaa peke yake ukingoni mwa ziwa mpaka njaa ikamrudisha. Alihuzunika kweli. Hakuna haja ya kulipamba hilo.

Jumatano Elodie akapanda kilima kama kawaida yake, safari hii na viatu vya ofisi vilivyomtesa kwenye mawe. Akakaa kwenye kiti cha mgeni.

"Papa Télé, nilikuya kukuambia aksanti. Bila barua yako singejua kitu."

Télesphore angeweza kuipokea shukrani hiyo na kunyamaza. Watu wengi wangenyamaza. Lakini aliifungua ile droo.

"Elodie, usinishukuru. Ile Jumatano ulikuya hapa, tangazo ilikuwa mu hii tiroir. Nilikudanganya. Nilikuwa nayitaka miye."

Elodie aliitazama droo, akamtazama yeye.

"Najua. Maman Mireille aliniambia siku ya kwanza ya kazi."

"Na bado ulikuya?"

"Nilikasirika, papa. Nilikasirika siku mbili, hata kula sikula." Akainama kulegeza kiatu. "Ya tatu nikajiuliza: kama miye njo ningekuwa ku hii kiti, miaka tisa, na ile barua inaingia mikononi mwangu?"

"Ungefanya aje?"

"Ningeificha mpaka Noeli."

Télesphore akacheka, akapiga meza kofi, vumbi la chaki likatimka, na wote wawili wakapiga chafya mpaka machozi yakawatoka.