Mtoto Amepumzika

Wasichana wengi waliohitimu uuguzi mwaka wa 1996 waliomba kazi ya dirisha la dawa, ambako mtu hukaa kitini na hachafuki. Waridi binti Abdulkarim, wa Majengo ya Thika, aliomba nasari, chumba cha watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Mamake, Zubeida, alimwona hana akili. "Mwanangu, utazika watoto wa watu mpaka uzeeke." Lakini Waridi alikuwa na miaka kumi na miwili dada yake Nadira alipojifungua mtoto wa miezi saba, mtoto akalazwa ndani ya katoni, chupa za maji moto huku na huku. Siku ya pili watu walisinzia, chupa zikapoa, na mtoto naye akapoa. Tangu hapo hakutaka kazi nyingine duniani.

Aliipata, katika hospitali moja ndogo ya binafsi kati ya Thika na Ruiru. Msimamizi wa nasari, Sista Rachael, mwanamke mfupi asiyejua kubembeleza, alimpa miezi mitatu ya majaribio. "Mtoto akifa kwa sababu Mungu amemtaka, hiyo tutavumilia. Akifa kwa ujinga wako, unaenda."

Wiki ya tatu, pikapu ya mawe kutoka Ruiru ilimleta Gathoni, mimba ya miezi saba, damu ikimtoka mpaka kwenye viatu, jicho moja limefumba. Alisema ameteleza bafuni. Sista Rachael alimfunua ubavu, akauona mchoro wa soli ya buti, akamgeukia Waridi. "Wewe uliona wapi bafu linavaa buti?" Mtoto alizaliwa saa ile ile: mvulana wa kilo moja na gramu mia mbili, mwekundu, ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu.

Mwenye buti alikuwa Njau, mumewe Gathoni, mvunja mawe. Kila alasiri alikuja kutoka machimboni, vumbi jeupe mpaka kwenye kope, akasimama nje ya kioo cha nasari asiseme na mtu. Waridi alimchukia. Nisiseme uongo, alimchukia hasa, na hata salamu alimpa kwa shida.

Mtoto naye alikuwa na tabia moja mbaya: alisahau kupumua. Kifua kinanyamaza, midomo inageuka buluu, na Waridi anaupiga unyayo wake kwa ncha ya kidole mpaka akumbuke. Siku ya nne alisahau mara saba kabla ya adhuhuri. Waridi hakula wala hakuketi. Daktari aliongeza dawa, na ilipofika saa tisa pumzi ikashika mwendo wake, ndani, nje, ndani, nje, nusu saa nzima. Waridi alitaka kulia kwa furaha. Alifunika kisanduku cha joto kwa shuka jeupe ili mwanga usimsumbue mtoto, akafungua kidirisha, na kwa mara ya kwanza akazungumza na Njau kwa upole, kwa Kiswahili cha kwao Majengo.

"Baba, leo amehangaika sana. Lakini sasa amepumzika."

"Amepumzika?"

"Amepumzika kabisa, alhamdulillahi."

Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi. Kule Majengo mtu aliyepumzika amekaa mkekani anangoja chai. Lakini Njau Kiswahili chake alikiokota kanisani na kwenye matangazo ya vifo ya redio, na huko hakuna aliyewahi kupumzika akaamka. Alilitazama lile shuka jeupe kwa muda. Kisha aliondoka polepole, na Waridi akadhani ameenda wodini kumpa mkewe habari njema.

Alirudi na nyundo ya kuvunjia mawe. Barasa, askari wa mlangoni, alinyoosha mkono kumzuia, nyundo ikamshukia begani na mfupa ukalia. Pigo la pili lilivunja kioo cha nasari. Sista Rachael aliwanyakua watoto wawili waliokuwa karibu na mlango, mmoja kila upande, akatoka mbio. Waridi alibaki na wa tatu, yule wa Njau.

"Mmeua mtoto yangu," Njau alisema akivuka vioo. "Ni nyinyi mmemuua. Si mimi."

"Yuko hai, baba. Anapumua."

Hakusikia. Nyundo ilitua kwenye mtambo wa kisanduku, taa zikazimika. Waridi alitupa mkono wake wa kulia juu ya mtoto na nyundo ikauvunja chini ya kiwiko. Maumivu yalimtapisha. Kwa mkono uliobaki alimchomoa mtoto, akamtia ndani ya sare yake, ngozi kwa ngozi, akajikunja chini ya sinki na kumpa mwanamume mgongo. Njau aliupiga ule mgongo kwa buti. Aliupiga tena. Kitu fulani kilikatika ubavuni na mdomo ukajaa damu. Waridi hakuwa akihesabu mateke. Alikuwa akihesabu pumzi za mtoto, na kwenye teke la nne au la tano pumzi zilikoma. Alitafuta unyayo kwa vidole vya kushoto, akaupiga. Kimya. Akaupiga tena, safari hii kwa hasira, na mtoto akalia.

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, ya paka aliyefungiwa kabatini, lakini buti halikushuka tena. Njau alikaa chini juu ya vioo. "Ni yeye?" akauliza. Waridi alitema damu.

Askari wengine na jamaa za wagonjwa walimburuta Njau mpaka uani wakampiga kwa mawe na mipini ya majembe, na polisi walipofika hakuwa na jino la mbele hata moja. Waridi alizisikia kelele zake na hakumwonea huruma. Baadaye jambo hilo lilimsumbua. Siku hiyo, hata kidogo. Alikataa kufungwa mkono mpaka Gathoni aletwe kwa kiti cha magurudumu, afungue vifungo vya gauni, na mtoto ahamishwe kutoka kifua kimoja hadi kingine bila kupoa.

Jioni Sista Rachael alikuja kitandani kwake. "Siku ingine sema amelala."

"Na aliyelala, sista, redioni wanamtangaza vipi?"

"Basi sema anapumua. Na ukipata nguvu urudi kazini, mkono mmoja unatosha." Kwa Sista Rachael, hayo yalikuwa mapenzi.

Lakini kwa wiki saba Waridi hakuwa na raha. Njau alikuwa ameachiliwa kwa dhamana, yuko kwa babake, kijijini Murera, anangoja mke na mtoto. Kila gramu aliyoongeza mtoto ilimsogeza karibu na lile buti. Waridi alijiuliza anamnenepesha kwa ajili ya nani. Mara nyingi alitaka kumwambia Gathoni asirudi, na mara zote alinyamaza, maana ulimi wake ulikwisha kumvunja mkono mara moja.

Siku ya kuruhusiwa alikuja mzee Zacharia, babake Njau, na blanketi jipya la mtoto. Kwa Wakikuyu mvulana wa kwanza hupewa jina la babu upande wa baba, na mzee alijua haki yake. "Nimekuja kujichukua mwenyewe," alisema akicheka.

Waridi alishika kalamu kwa mkono wa kushoto, wa kulia ungali kwenye plasta. "Jina la mtoto?"

"Muiruri," Gathoni akasema.

Mzee aliacha kucheka. Muiruri alikuwa babake Gathoni, mkulima wa Ngoingwa. Jina la upande huo hupewa mvulana wa kwanza wa mwanamke asiye na mume, na hakuna Mkikuyu asiyelijua hilo.

"Gathoni, wewe uko na bwana," mzee alisema taratibu.

"Andika, sista."

Waridi aliandika, herufi zikienda upande. Mzee alivua kofia, akauliza kama anaweza kumshika mtoto kidogo tu. Gathoni alimvuta mwanawe kifuani, akamfunika kwa leso.

"Na jina la baba?" Waridi aliuliza.

"Hapo piga mstari."

Waridi akapiga mstari, akaupeleka mpaka ukingoni mwa karatasi.